Cheti cha Mwananchi wa Kawaida

Jina la hii nchi usiniulize. Si kwamba naogopa. Jina lilikuwa refu, lina Jamhuri, lina Umoja, lina Tukufu, halafu kampeni ya kupunguza uzito ilipoanza na lenyewe likaanza kupunguzwa, herufi mbili kila wiki. Mara ya mwisho nililiona limebaki kama mtu anapiga chafya. Kwa hiyo tuseme tu Nchi, na wewe usijifanye unaijua.

Mambo yalianzia kwenye kiti. Siku ya sherehe za Uhuru Rais alikuwa anakaa, kiti kikavunjika. Ikaundwa tume. Tume ikakaa miezi mitatu, ikavunja viti vingine kumi na tisa kwa ajili ya utafiti, ikaleta ripoti: kiti kilikuwa kizima, Rais yuko sawa, tatizo ni wananchi. Nchi imekuwa nzito, ardhi imebonyea, na kiti kiliwekwa pale ilipobonyea zaidi.

Ndiyo ikaja Wizara ya Afya na Wepesi. Waziri wake, Mheshimiwa Mwinyipembe, akatuhutubia uwanjani: "Ndugu wananchi, mtu mzito ni mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe, na serikali hii haiwezi kuendelea kuhudumia wageni." Tukapiga makofi. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo, na mtu anayesubiri matokeo hupiga makofi popote.

Agizo lilikuwa hivi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, kila mtumishi wa umma atapimwa kwenye ghala la zamani la pamba, kwa mzani uleule wa pamba. Mstari wa wanawake, kilo sabini. Atakayezidi, ajira yake itapunguzwa mpaka ilingane na mwili unaotakiwa, na mwili unaotakiwa ukikosekana, ajira nayo ikosekane.

Sasa dawa ilikuwepo. Sindano ya kupunguza mwili, unajichoma mwenyewe tumboni mara moja kwa wiki. Dawa nzuri, sikatai, kuna watu iliwasaidia. Ila ilikuwa dawa ya cheti, huuziwi bila daktari kukuona. Na madaktari serikali ilishawapigia hesabu. Daktari mmoja anatibu watu arobaini kwa siku. Ukurasa mmoja mtandaoni unasomwa na watu milioni nne. Sasa daktari anafanya nini hospitalini? Wakakusanywa wote, wakapelekwa ghorofa ya nne ya Wizara kuandika kurasa. Hospitali zikabaki na skrini moja na mlinzi.

Shida ikawa, ukurasa unamwandikia nani? Watu ni wengi, kila mmoja na tumbo lake. Wakatafuta mtu mmoja wa kutuwakilisha. Wakampata fundi saa, Sudi Kiango, miaka thelathini na nne, haumwi, halalamiki, anaingia kiatu namba nane. Akaapishwa, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, MWANANCHI WA KAWAIDA, akawekwa kitini ghorofa ya nne. Hakuwa mnene, ila ukishakuwa wa kawaida unajaribishiwa kila kitu. Akichomwa, akikohoa, akisinzia, madaktari wanaandika, na saa ileile nchi inasoma. Je, sindano inaleta kichefuchefu? Kidogo, siku mbili, kisha kinaisha. Na ni kweli. Sudi kilimwisha.

Na kuhusu cheti, serikali ikarahisisha: chapisha ukurasa, peleka kwa mtendaji wa mtaa, agonge muhuri, hicho ndicho cheti. Hivyo ndivyo nchi nzima tulivyoanza kutumia cheti cha mtu mmoja.

*

Dada yangu Siwema ni karani wa ofisi ya vizazi na vifo. Yeye ni wa kwanza, mimi wa mwisho, katikati hakuna mtu. Mama alipofariki yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha, akanipiga ilipobidi. Alikuwa na kilo sabini na sita.

"We Feruzi," akaniambia jioni moja, "si ndiyo una macho ya simu wewe. Hebu nisomee huo ukurasa."

Nikasoma. Mwananchi wa Kawaida anatumia dozi namba tano, mara moja kwa wiki. Anajisikia vizuri. Amepungua kilo nne.

"Namba tano?"

"Tano."

"Hamna moja?"

Nikapandisha ukurasa, nikashusha. "Hapa kuna tano tu, Dada."

"Basi ni tano. Mambo ya kubahatisha sitaki."

Chini kabisa kulikuwa na kamstari kadogo: Maelezo haya si ushauri wa tabibu, muone daktari wako. Sikukasoma. Nani anasoma hiyo? Ni kama "wako katika ujenzi wa taifa" mwisho wa barua, ukiitamka kwa sauti watu wanakucheka. Nakwambia hili mapema ili baadaye usiseme nilikuficha. Mimi ndiye niliyemsomea, na mimi ndiye niliyeishia pale.

Mtendaji, Bwana Chogo, aliipokea karatasi akaipima kwa rula. "Imekaa vizuri," akasema, akagonga muhuri. Duka la dawa muuzaji aliutazama muhuri mbele na nyuma, akaushikilia juani. Lakini Dada hakutazamwa hata kidogo.

Jumamosi akajichoma ya kwanza. Kichefuchefu cha siku mbili kikakaa siku tano.

"Labda mimi siku zangu ni ndefu," akasema, anacheka, anajifuta mdomo kwa kanga. Kilo nne zilikuwa zimekwenda. Ofisini walimpongeza, mmoja akamletea keki, akaitapika. Jumamosi iliyofuata akajichoma ya pili.

*

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mzani, nilimkuta jikoni chini, amejikunja kwenye mkeka, mwiko bado uko mkononi.

"Dada. Tumbo?"

"Soma."

Nikafungua. "Mwananchi wa Kawaida leo anajisikia vizuri. Amekula ndizi mbili."

"Soma tena."

"Amekula ndizi mbili, Dada."

"Ndizi gani?"

"Hawajasema."

Akafumba macho. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Akasema polepole, kama anayenisomea jalada: "Mwezi huu nimeandika wanne. Sababu ya kifo, tumbo. Wote watumishi. Fomu haina sehemu ya kuandika sindano."

Nilimbeba mpaka kwenye bajaji, na Dada yangu hajawahi kukubali kubebwa na mtu. Safari hii alikubali. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Hospitali ilikuwa safi sana, kwa sababu hakuna anayeitumia. Mlangoni yupo mlinzi, Mzee Mbaruku, ana rungu na miwani. Akabonyeza skrini kwa ncha ya rungu.

"Dalili?"

"Tumbo. Anatapika tangu jana kutwa."

Akasoma kwa taratibu ya mtu aliyejifunza kusoma ukubwani na anaifurahia kazi. "Maumivu kidogo ni ya kawaida. Yakizidi, muone daktari wako."

"Shikamoo, mzee. Ndiyo tumekuja kumuona."

"Marahaba. Hiyo ni sentensi ya kufungia tu, mwanangu. Kama ile ya barua."

"Naijua. Sasa daktari yuko wapi?"

"Si yupo. Ndiye aliyeiandika." Akanyoosha rungu kuelekea Wizara. Kisha akamtazama Dada, akavua miwani. "Mpeleke. Mimi sijakwambia."

*

Wizarani lifti inapima kabla ya kufunguka. Dada alipokanyaga tu, ikalia. Binti wa mapokezi, mwembamba mpaka nikamwonea huruma, akasema, "Samahani, lifti ni ya walio ndani ya mstari. Kilo sabini."

"Anaumwa."

"Ngazi hazina mstari."

Nikapanda naye mgongoni. Ghorofa ya kwanza alikuwa ananiambia niinue miguu. Ya pili akatapikia kwenye chungu cha maua cha Waziri. Ya tatu akanyamaza. Nikasema, "Dada, nigombeze kidogo." Hakunigombeza. Nilipanda ngazi za mwisho sijui kwa miguu ya nani.

Ghorofa ya nne ni ukumbi mmoja mrefu. Madaktari arobaini, makoti meupe, vichwa vimeinama, wanachapa. Kimya kama chumba cha mtihani. Ukutani kuna amri imewekewa fremu, chini yake saini ya Waziri: Daktari haruhusiwi kumgusa, kumuuliza wala kumwangalia kwa makini mtu yeyote isipokuwa Mwananchi wa Kawaida. Daktari haondoki ghorofa hii isipokuwa anafuatana na Mwananchi wa Kawaida.

Meza ya karibu imeandikwa DKT. TUNZO, MHARIRI MKUU WA TUMBO. Mama wa makamo, kalamu sikioni. Alipomuona Dada akasimama. Halafu akautazama ukuta, akakaa. Halafu akasimama tena.

"Mlaze hapo chini," akasema, macho yako dirishani. "Mimi sijamuona."

Afisa Utii, Bwana Pandu, alishaanza kuja na filimbi yake mdomoni. Na kwenye kiti kando ya dirisha alikaa jamaa mmoja mwenye kitambulisho shingoni, anamenya ndizi. Nikajua ndiye.

"Ana nini huyo?" Sudi akauliza.

"Namba tano. Amejichoma mara mbili."

"Alianza na ngapi?"

"Tano."

Akaacha kutafuna. "Mimi tano nimeifikia mwezi wa tano, bwana. Nilianza na moja. Kila mwezi daktari ananiuliza, ananipima, ananipandisha."

"Mbona haikuandikwa?"

"Iliandikwa. Ila kila siku wanafuta ya jana."

Mimi nilipandisha ukurasa, nikashusha. Nilitafuta kabisa. Kumbe namba moja ilikuwepo, ilifutwa mwezi wa kwanza, na ukurasa haukumwambia mtu kwamba kuna kitu kilikuwepo.

Sudi akaitazama ndizi, akamtazama Dada. Akavua kitambulisho, akainama, akamvisha Dada shingoni, taratibu, kama anamvisha shada.

"Nimejiuzulu," akasema. "Nina saa za watu sijazitengeneza tangu mwaka juzi."

Bwana Pandu akatoa filimbi mdomoni. "Huwezi kujiuzulu ukawaida."

"Kwani mtu wa kawaida hachoki?"

"Hakuna utaratibu."

"Tafuta basi, kitabu si unacho."

Na Bwana Pandu, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, akatoa kitabu akaanza kutafuta. Alipofika ukurasa wa pili Daktari Tunzo alikuwa ameshapiga magoti sakafuni.

"Mama, yanaanzia wapi?"

"Hapa juu. Chini ya kifua."

"Yanakwenda popote?"

"Mgongoni. Kama mtu kapitisha msumari."

"Mara ya mwisho umekojoa lini?"

Dada akafikiri. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kuchapa. "Jana asubuhi."

"Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Vidonge vya sukari."

"Una sukari?" Hilo hakuuliza daktari, niliuliza mimi.

"Tangu mwaka juzi," Dada akasema bila kufumbua macho. "Hujawahi kuuliza, Feruzi."

Hilo neno linanikaa mpaka leo. Tunaishi nyumba moja.

Daktari Tunzo alikuwa ameshafungua kabati la Mwananchi wa Kawaida, lina kila kitu, dripu mpaka vipimo. Akamchoma kidole, akatazama sukari, akakunja uso. Akamtundikia dripu kwenye msumari wa picha ya Rais, Rais akawekwa chini kwa heshima.

"Sukari imeshuka sana, na maji yamemwisha mwilini," akasema, anaongea na mimi kama na mtu mzima. "Nahofia na kongosho limevimba, sitajua mpaka nipime damu. Sindano inasimama leo. Na hapa hatumalizi. Anahitaji kitanda, hospitali, sasa hivi."

Nyuma yetu vidole vikaanza kuchapa tena, arobaini kwa mpigo, maana ndiyo kazi yao. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Mwananchi wa Kawaida ni mwanamke. Ana maumivu makali yanayopenya mpaka mgongoni. Hajakojoa tangu jana. Alianza na dozi kubwa. Ana sukari, hakuulizwa. Amesimamisha sindano. Anakwenda hospitali.

*

Lifti ikafunguka, akatoka Mheshimiwa Mwinyipembe na wasaidizi wawili, mmoja kabeba mkoba, mwingine kabeba kivuli cha mkoba, maana sikuona kazi yake.

"Nani ameandika hivi? Mwananchi wa Kawaida haumwi. Kutoumwa kwake ni sera."

"Mheshimiwa," Daktari Tunzo akasema, "akikaa hapa atakufa."

"Afutwe."

"Afutwe nani, Mheshimiwa?"

"Dalili. Anzeni na tumbo." Akatugeukia sisi, akarefusha sauti kama yuko uwanjani. "Ndugu zangu, taifa haliwezi kukimbia hospitali kwa sababu ya mtu mmoja."

"Taifa limechomwa sindano kwa sababu ya mtu mmoja," Sudi akasema, na akaendelea na ndizi yake.

Dada alikuwa anapumua mara moja, anapumzika, anapumua tena. Mimi nilikuwa nazihesabu.

Bwana Pandu akasimama mlangoni, mikono ameitanua. "Daktari haondoki ghorofa hii," akasema.

"Maliza kusoma," Daktari Tunzo akamwambia.

Pandu akageukia ukuta. "Isipokuwa," akasoma, na sauti ikapungua, "anafuatana na Mwananchi wa Kawaida."

Wote tukakitazama kitambulisho kilichokuwa kinapanda na kushuka kifuani kwa Dada. Halafu tukamtazama Waziri, na Waziri akaitazama saini yake. Ilikuwa saini nzuri, ina mkia mrefu. Angeikana, angekana na nyingine zote, na mtu hajui ni ipi inayomshikilia kwenye cheo. Akasafisha koo.

"Amri," akasema, "ni amri."

Sudi akamkalisha Dada kwenye kiti chake cha dirishani, akakishika upande mmoja, mimi upande wa pili, Daktari Tunzo kaiinua dripu juu ya vichwa vyetu. Na tulipofika kwenye ngazi nikasikia viti vinaburuzwa. Amri ilisema "daktari", haikusema wangapi. Wakainuka wote arobaini. Tukashuka kama msafara wa harusi. Wa mwisho kabisa alikuwa Bwana Pandu, anapuliza filimbi kusimamisha bajaji barabarani.

*

Kongosho lilikuwa limevimba kweli. Daktari Tunzo alisema tungechelewa mpaka jioni, Dada angekuwa wa tano kwenye daftari lake mwenyewe, na angekosa mtu wa kumwandika kwa mwandiko mzuri.

Nje ya hospitali watu wakaanza kufika, waliosoma simu, wameshika matumbo. Mzee Mbaruku akafungua milango yote miwili. Sasa daktari si haruhusiwi kumgusa mtu isipokuwa yule mmoja? Basi kitambulisho kikapita kwenye foleni, shingo hadi shingo. Ukikivaa unaulizwa, unapimwa, unamvisha wa nyuma. Na ukurasa wa Wizara, madaktari wakiuandika kwenye simu zao, ukawa unafuata mbio. Mwananchi wa Kawaida ana ujauzito wa miezi saba. Mwananchi wa Kawaida ana miaka themanini na moja, ana mguu mmoja. Mwananchi wa Kawaida hana tatizo lolote ila ana njaa. Waziri akatangaza redioni kwamba mwananchi wa kawaida amekosa msimamo.

Ijumaa ni Ijumaa. Mzani wa pamba uliletwa wodini kwa mkokoteni. Watu wawili wa Wizara wakamfunga Dada kwenye shuka, wakamtundika kwenye ndoano kama robota la pamba, dripu na yenyewe ikashikwa pembeni isije ikamzidishia.

"Sitini na tisa na nusu," mpimaji akasema. "Hongera, mama. Umefaulu."

Wakamwachia karatasi yenye nembo. Walipotoka, Dada akafumbua jicho moja.

"Feruzi. Nisomee."

"Cheti cha Wepesi," nikasoma. "Kinathibitisha kwamba Siwema, karani daraja la pili, ametimiza uzito wa taifa. Kimesainiwa na Waziri."

"Soma mpaka mwisho."

Nikaisogeza karatasi dirishani. Chini kabisa, herufi zimechuchumaa.

"Cheti hiki hakimaanishi kwamba mwenye nacho yuko hai."

Akanyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Akaandika chini ya ule mstari, mwandiko wa ofisini, umepinda kidogo kwa sababu ya sindano ya dripu: Yupo. Amekojoa saa nne asubuhi.

"Peleka kwa Chogo," akasema, "akagonge muhuri."